Kanuni za Maficho na Upelelezi katika Michezo ya Vita ya Kihistoria: Mfano wa Tanga na Salaita

Utangulizi

Katika mchezo wa bao la Kiswahili, wachezaji wawili huketi wakitazamana na hakuna anayeweza kumficha mwenziwe jambo lolote la maana. Mashimo 32 yako wazi, kete zote 64 zajulikana, na hata zile 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi si siri kwa yeyote ajuaye kuhesabu. Katika karata, mambo ni kinyume. Nusu ya ustadi wa mcheza karata ni kukisia kilichomo mkononi mwa mwingine. Swali linaloibuka basi ni hili: je, mchezo unaodai kuiga vita wafaa ufanane na upi kati ya michezo hii miwili?

Makala haya yananuia kuchunguza swali hilo kwa kurejelea michezo ya vita ya kihistoria inayochezwa mezani kwa visanamu vya askari. Kwa kawaida michezo hii huchezwa kama bao, yaani kila kisanamu kiko wazi mbele ya wachezaji wote, ilhali vita vyenyewe hupiganwa kama karata. Kasoro hii ndiyo iliyowafanya wachezaji wengi watunge kanuni za nyumbani za kuficha vikosi na kupeleleza. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kanuni njema ya maficho haifichi tu, bali huipa habari bei yake. Mchezaji anayetaka kujua sharti atoe kitu: muda, askari au kasi. Tukiicheza vita ya Tanga ya mwaka 1914 kwa kanuni za aina hiyo, tutaweza kutofautisha kati ya kamanda ambaye hakuweza kujua na kamanda ambaye hakutaka kujua. Tofauti hiyo ni ya maana kwa yeyote anayesoma historia ya eneo letu.

Maana ya Mchezo na Maana ya Kanuni za Nyumbani

Ni vyema kwanza tufafanue dhana zinazohusika. Mchezo wa vita wa visanamu huhitaji meza iliyopambwa kwa mandhari (vilima, miti, mito, nyumba), visanamu vya madini au vya plastiki, utepe wa kupimia masafa na dadu. Visanamu vingi huwa na urefu wa milimita 28 au 15. Vipo hata vya milimita 6, ambavyo ni vidogo kuliko punje ya mahindi. Kila kundi la visanamu huwakilisha kikosi fulani, na wachezaji hupeana zamu za kusogeza vikosi, kufyatua na kushambulia. Dadu huamua matokeo pale ambapo bahati ina nafasi yake.

Kanuni zinazouzwa vitabuni hazimalizi kila jambo. Wachezaji wa mahali fulani hukubaliana kuongeza, kupunguza au kurekebisha, na makubaliano hayo ndiyo tunayoyaita kanuni za nyumbani. Jambo hili si geni kwetu. Kila baraza la bao na kila mkeka wa karata una desturi zake, na mgeni mwerevu huuliza kabla ya kuketi. Nguvu ya kanuni ya nyumbani haitoki kwa mchapishaji bali hutoka katika ridhaa ya wanaocheza.

Chimbuko la Tatizo

Msomaji atang'amua kwamba tatizo la kuficha vikosi ni kongwe kama mchezo wenyewe. Mnamo mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz aliiwasilishia nyumba ya kifalme ya Prusia meza ya mchezo wa vita. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliuboresha mchezo huo na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824, akitumia ramani ya kipimo cha 1:8000. Jenerali von Müffling, aliyekuwa mkuu wa maofisa wa mipango katika jeshi la Prusia, aliupendekeza utumiwe katika mafunzo. Jambo la kutajika katika mchezo huo ni nafasi ya mwamuzi. Wachezaji hawakusogeza vipande wapendavyo. Walimwandikia mwamuzi maagizo, naye akaweka ramanini vile tu ambavyo pande hizo zingeweza kuviona. Kikosi kilichokuwa nyuma ya kilima hakikuwekwa, hata kama mwenyewe alikuwa akikisogeza kila zamu.

Takriban karne moja baadaye, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars (1913), kitabu kilichoutoa mchezo huu mikononi mwa maofisa na kuupeleka sebuleni. Wells alipendekeza pazia litandazwe katikati ya uwanja wakati wa kupanga askari, ili asiwepo anayeona mpangilio wa mwenziwe. Pazia likiisha kuondolewa, hata hivyo, kila kitu kilikuwa wazi. Ni bayana kuwa Wells aliiondoa kazi nzito ya mwamuzi, lakini pia aliuondoa mchezo wa karata na kuurudisha ule wa bao. Vizazi vya wachezaji vilivyofuata vimekuwa vikijaribu kukirudisha alichokiondoa bila ya kumrudisha mwamuzi, kwa sababu si rahisi kumpata mtu atakayeketi saa nne bila kucheza.

Yaliyotokea Tanga na Salaita

Kabla ya kuzijadili kanuni zenyewe, yafaa tuone kinachopotea zinapokosekana. Mifano miwili kutoka Afrika Mashariki itatutosha.

Mnamo tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Uingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya mji wa Tanga. Nahodha wake aliwaarifu wenye mji kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamekwisha, akauliza kuhusu mabomu ya baharini, kisha akaondoka kuyafuata majeshi yaliyokuwa yakisubiri. Kwa hiyo siri ya kwanza ilitolewa na washambulizi wenyewe. Jeshi la kutoka India lenye watu wapatao 8,000, chini ya Jenerali Aitken, likaanza kushuka pwani ya Ras Kasone usiku huo. Shambulio la kwanza la tarehe 3 lilirudishwa nyuma. Aitken akaamua kungoja hadi jeshi lake lote lishuke.

Wakati huo, kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akiwaleta askari wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, na kama alivyoeleza mwenyewe baadaye katika kumbukumbu zake, alipanda baiskeli akaingia mjini kujionea hali ilivyo. Kamanda mmoja alijitwika kazi ya upelelezi mwenyewe. Kamanda wa pili alikuwa na maelfu ya watu na hakupeleka wa kutosha kuchungulia. Shambulio kuu la tarehe 4 lilipita katika mashamba na vichaka ambamo vikosi havikuonana vyenyewe kwa vyenyewe, sembuse adui. Walinzi wapatao 1,000 walilizima, nyuki waliochokozwa wakaongeza mchafuko, na tarehe 5 jeshi lilirudi melini likiacha bunduki za rashasha na shehena kubwa ya risasi. Upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka.

Mfano wa pili uko upande wetu wa mpaka. Tarehe 12 Februari 1916, majeshi ya Uingereza yakiwemo ya Afrika Kusini yaliyokuwa yamewasili karibuni yalikishambulia kilima cha Salaita karibu na Taveta. Mizinga ilikipiga kilele ambako mahandaki yalidhaniwa kuwa. Mahandaki yenye watu yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na vichaka. Idadi ya walinzi nayo ilikuwa imekadiriwa chini mno. Brigedi ya Afrika Kusini ilipoteza zaidi ya watu 130, wakiwemo waliojeruhiwa na waliotoweka, na shambulio likashindwa. Wajerumani waliondoka Salaita mwezi Machi, baada ya Jenerali Smuts kuanza kuwazunguka.

Sasa tuiweke Salaita mezani kwa kanuni za wazi. Mshambulizi anaviona visanamu vilivyo chini ya kilima. Hawezi kukipiga kilele, kwa kuwa si mjinga. Atashinda, na ataondoka akiamini kwamba waliopigana mwaka 1916 walikuwa wajinga. Hapo mchezo umemfunza uongo. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na kanuni za wazi humwashia mchezaji taa ambayo hakuna aliyekuwa nayo uwanjani.

Mbinu Nne za Kuficha

Wachezaji wamebuni mbinu nyingi, lakini zote zaweza kuwekwa katika makundi manne.

Ya kwanza ni mwamuzi, kama alivyotumiwa na Reisswitz. Hakuna mbinu iliyo kamili kuliko hii, na hakuna iliyo ghali kuliko hii kwa mtu na muda.

Ya pili ni maandishi. Mchezaji huchora ramani ya meza, huandika mahali vikosi vyake vilipo na huviweka visanamu pale tu vinapoonekana. Mbinu hii humfaa mlinzi aliyetulia, lakini humchosha mshambulizi anayesogea kila zamu.

Ya tatu ni kete za siri. Badala ya visanamu, mchezaji huweka kete zilizofunikwa. Baadhi zina kikosi chini yake na nyingine hazina kitu. Wanafunzi wa Kiswahili hawatapata shida kuzipa hizi za pili jina, kwa kuwa lugha yetu tayari inao wafanyakazi hewa, ambao wako katika orodha ya mishahara na hawako kazini. Hizi tutaziita kete hewa.

Ya nne ni doria kabla ya vita. Mfano wake mzuri umo katika kanuni za Chain of Command zilizotolewa na TooFatLardies mwaka 2013. Kabla ya kisanamu chochote kuwekwa, pande zote mbili husogeza alama za doria hadi zinapokaribiana kwa inchi 12, kisha hubanana hapo. Mahali alama hizo zilipokomea ndipo panapoamua askari watatokea wapi. Hivyo, anayeongoza doria vibaya huanza vita akiwa amekwisha kubanwa.

Mbinu zote nne zinaficha. Zinatofautiana katika bei, na hapo ndipo kanuni za nyumbani zinapohitajika.

Kanuni Zinazopendekezwa

Kanuni zifuatazo zimekusudiwa vita vya vichakani vya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1914 na 1918, kwa wachezaji wawili wasio na mwamuzi. Kipimo ni sentimita 1 kwa mita 20 za ardhi. Meza ya sentimita 180 kwa 120 hivyo huwakilisha kilomita 3.6 kwa 2.4.

1. Kuandika kwanza. Mlinzi aandike mahali kila kikosi kilipo kabla ya zamu ya kwanza, akunje karatasi na kuiweka mezani mbele ya wote. Akihamisha kikosi kilichofichwa, aandike zamu na mahali papya. Karatasi hufunguliwa mchezo ukiisha.

2. Kete hewa. Mlinzi aruhusiwe kete hewa moja kwa kila vikosi viwili halisi. Kete hewa haioni, haifyatui na haishiki ardhi. Sharti la kutoona ni muhimu, maana bila hilo mchezaji mjanja atatanguliza kete hewa zimpelelezee bure.

3. Masafa. Katika uwanja wazi, kikosi chaweza kuonekana kwa sentimita 60. Katika shamba la mkonge au kichaka chepesi, sentimita 15. Katika msitu au mikoko, sentimita 5. Msafara wenye wapagazi huonekana kwa masafa maradufu, kwa kuwa ni mrefu na una vumbi na sauti.

4. Ngazi tatu. Kujua kuna ngazi tatu: kuona kwamba kuna kitu, kutambua ni kikosi cha aina gani, na kuhesabu ukubwa wake. Kikosi kikiingia katika masafa, kete yake huwekwa mezani. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Ili kupanda ngazi moja, kundi la wapelelezi sharti litulie zamu nzima likitazama. Kete hewa huondolewa ikifikia ngazi ya pili.

5. Dadu ya kikombe. Dadu ya upelelezi hurushwa na mlinzi, ndani ya kikombe, asiione mshambulizi. Ikitoka 4, 5 au 6, mlinzi hutoa habari ya kweli. Ikitoka 2 au 3, hujibu kwamba hakuna zaidi kilichoonekana. Ikitoka 1, aweza kutoa habari yoyote, ya kweli au ya uongo. Kila mrusho uandikwe ili ukaguliwe baadaye.

6. Bei ya macho. Kikosi kisichotanguliza wapelelezi husogea sentimita 20 kwa zamu. Kikosi kinachofuata wapelelezi wake husogea sentimita 12.

7. Habari sharti ifike. Alichokiona mpelelezi hakiwafai wengine mpaka tarishi akifikishe kwa kamanda. Tarishi husogea sentimita 30 kwa zamu. Hadi hapo, vikosi vingine huendelea kutekeleza maagizo yaliyoandikwa mwanzoni.

8. Moshi. Askari wa Kijerumani wengi mwaka 1914 walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ambayo baruti yake ilitoa moshi mzito. Kikosi chenye bunduki hizo kikifyatua, huonekana papo hapo kwa masafa maradufu. Kikosi chenye bunduki zisizo na moshi hufikia ngazi ya kwanza tu.

9. Garimoshi. Mlinzi hurusha dadu kwa siri na kuongeza 3, na jumla huandikwa kuwa zamu ambayo vikosi vyake vya ziada vitafika. Mpelelezi aliye ndani ya sentimita 40 za stesheni husikia garimoshi likifika.

10. Uviziaji. Kikosi kinachovizia hupata faida ya dadu mbili za ziada katika mfyatuo wa kwanza tu. Hakipati faida hiyo iwapo walioviziwa walikuwa na wapelelezi mbele.

Kanuni Zikifanya Kazi

Tuchukue Tanga kama mfano. Mlinzi ana vikosi 4, kete hewa 2, na vikosi 4 vingine vinakuja kwa garimoshi. Mshambulizi ana vikosi 16 pwani, na ukingo wa mji uko sentimita 120 kutoka alipo.

Hesabu ni nyepesi lakini ina mafunzo. Akienda bila wapelelezi, mshambulizi atafika katika zamu ya 6. Akitanguliza wapelelezi, atafika katika zamu ya 10. Garimoshi nalo litafika zamu yoyote kati ya 4 na 9. Kwa hiyo anayekimbia ana nafasi nusu kwa nusu ya kuukuta mji kabla ya msaada, lakini atapita vichakani kipofu na kila kikosi kilichovizia kitapata dadu zake mbili. Anayepeleleza atakuta vikosi vyote 8 mjini, lakini atajua viko wapi na ataweza kuukusanya wingi wake mahali panapofaa. Njia zote mbili zina mantiki, na mchezaji hodari aweza kushinda kwa yoyote.

Sasa tumtazame Aitken. Alikawia kama mtu anayepeleleza, na akasonga kama mtu anayekimbia. Alilipa bei ya upelelezi bila ya kuununua upelelezi wenyewe. Katika meza ya wazi, kosa hili halionekani kabisa, kwa sababu hakuna kinachouzwa. Katika meza yenye kanuni hizi, ndilo kosa la kwanza kuonekana. Salaita hueleweka kwa namna nyingine: huenda pale dadu ya kikombe ilitoka 1 na kamanda akaamini alichoambiwa. Huyo naye alaumiwe, lakini kwa kutothibitisha, si kwa kutotazama.

Pingamizi na Majibu

Zipo pingamizi tatu ambazo haifai kuzipuuza.

Kwanza, husemwa kwamba kanuni za maficho huchelewesha mchezo. Ni kweli. Dawa yake ni kupunguza idadi ya vikosi, si kupunguza siri. Vikosi 8 vilivyofichwa humfikirisha mchezaji kuliko 30 vilivyo wazi.

Pili, husemwa kwamba mchezaji aliyesoma historia anajua kila kitu tangu awali. Anayeijua Salaita hatakipiga kilele. Hapa wachezaji waweza kuandaa bahasha tatu zenye mipangilio tofauti ya ulinzi, mmoja wa kweli na miwili inayowezekana, na mlinzi achague moja kwa siri. Mshambulizi atabaki na ujuzi wake wa historia, lakini hatajua kama unamfaa siku hiyo.

Tatu, na hii ndiyo nzito, ni suala la uaminifu. Mlinzi ndiye anayerusha dadu kikombeni, ndiye anayejua kilichoandikwa, na ndiye anayefaidika akidanganya. Je, kipi kitamzuia? Karatasi zinazofunguliwa mwishoni husaidia, lakini hazitoshi. Jibu la kweli ni kwamba mchezo wa siri ni mchezo wa amana. Mchezaji hupewa siri ya mchezo mzima aitunze dhidi ya maslahi yake mwenyewe, kama mtu aliyeachiwa mali ya jirani. Hili ni jambo ambalo bao halimdai mtu, na pengine ndiyo sababu marafiki waliocheza pamoja kwa muda mrefu ndio wanaofaulu katika michezo hii.

Suala la Istilahi

Wasomaji wa jarida hili watavutiwa na swali la lugha. Kanuni tulizozitoa hazikuhitaji istilahi nyingi za kuazima, kwa kuwa Kiswahili kina utajiri mkubwa katika uwanja huu. Kuvizia ni kujificha ukimngojea mtu apite umshambulie. Kunyemelea ni kumwendea polepole asijue. Kuchungulia ni kutazama kwa kujificha, mara moja na haraka. Vitenzi hivi si visawe. Mezani, kila kimojawapo ni kitendo chenye kanuni yake: anayevizia ametulia, anayenyemelea anasogea, anayechungulia anahatarisha kuonekana yeye.

Nomino nazo zahitaji uangalifu. Mpelelezi na jasusi hutumiwa mara nyingi kwa maana moja, lakini yafaa zitenganishwe: mpelelezi wa vitani hutangulia jeshi akiwa askari, ilhali jasusi huishi kwa adui akijifanya asiyekuwa. Skauti, neno ambalo lingefaa, limekwisha kuchukuliwa na vijana wenye skafu shingoni. Doria ni ya kundi na ina njia yake. Aidha, tofauti kati ya kuona, kutambua na kuhesabu, ambayo ndiyo msingi wa kanuni ya nne, imo katika lugha ya kila siku. Mtu husema amemwona mtu kwa mbali asimtambue, na kila msikilizaji humwelewa.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba macho ya vita vile yalikuwa ya wenyeji kwa kiasi kikubwa. Mgeni ni kipofu, japo ana macho. Maofisa wa pande zote mbili walitegemea askari, waongozaji njia na wapagazi waliokijua kichaka, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na kikosi chao, na sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na za askari katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi. Mchezo usiowapa wapagazi nafasi mezani, hata kwa vumbi na sauti yao tu, unaficha jambo ambalo halikustahili kufichwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuficha vikosi katika mchezo wa vita si urembo wa kuongeza msisimko. Mchezo wa wazi humfanya mchezaji mwamuzi mwepesi wa waliopita. Huwaona wote kuwa wajinga, kwa kuwa yeye anaona wasichokiona. Mchezo wenye maficho bila bei humrudisha katika bahati nasibu. Mchezo wenye maficho na bei humweka mahali palipo pagumu, ambapo kila zamu sharti aamue ni kiasi gani cha muda na cha watu yuko tayari kukitoa ili ajue.

Inapendekezwa kwamba wanaofunza historia na wanaofunza Kiswahili washirikiane kuuandaa mchezo wa Tanga au wa Salaita kwa ajili ya wanafunzi. Gharama si kubwa. Vizibo vya chupa vyaweza kuwa vikosi, kunde zilizofunikwa kwa vifuniko zikawa kete, na kanga iliyotandazwa juu ya vitabu ikawa kilima. Kitakachohitajika kwa hakika ni kikombe, dadu moja, na wachezaji wawili wanaoaminiana. Makaburi ya vita yaliyoko Taveta, Maktau na Voi yana watu waliokufa kwa sababu habari haikutafutwa, au ilitafutwa isifike, au ilifika isiaminiwe. Kuzitenganisha sababu hizo tatu ni kazi ya mwanahistoria, na meza ndogo yenye kanuni njema yaweza kumsaidia kuianza.